Kituo cha Kumi na Tatu

Rusimbi, Kigoma
12 Septemba 1999

Mdogo wangu Ignas,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wa hapa Rusimbi tu wazima, ukiacha goti langu la kushoto ambalo lina tabia zake. Shemeji yako Herman bado yuko karakana ya reli, bado anakoroma, na bado anasema maembe ya kwao Tabora ni matamu kuliko ya hapa, ingawa hakuna aliyembishia. Binti yetu Edina amepata Komunyo ya Kwanza. Gauni nilimshonea mwenyewe, nikatarizi maua shingoni, na akina mama watatu wameshaniuliza kama nachukua kazi za watu. Nachukua.

Barua hii anakuletea Selestini, gadi wa treni, rafiki yake Herman. Ameahidi kuikabidhi stesheni ya Lugufu kwa mtu wa kambi yenu ya wakimbizi anayemwamini.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Mwaka umetimia tangu ulipoteremka bandarini hapa ukitokea kwetu Baraka, ng'ambo ya ziwa, na tangu siku hiyo hatujaonana wala kuandikiana. Sitaki tulaumiane. Kila mwaka, kabla ya mwezi wa kumi na moja, katibu wa jumuiya yetu, Mama Dorotea, hupita nyumba kwa nyumba na karatasi mbili. Ya kwanza ni ya majina ya wagonjwa na walio safarini. Ya pili ni ya marehemu, wasomewe Misa tarehe mbili. Mwaka jana alipofika kwangu nilishika kalamu nikakaa nayo mpaka akaomba maji ya kunywa. Watu wa Baraka waliopita hapa wanasema walikuona ukipanda boti pamoja na Mama, wewe umebeba mkeka wake. Lakini ulishuka peke yako. Mwisho nikamwandika karatasi ya kwanza, kwa kuwa sikujua.

Ignas, mama yetu Eufrasia nimwandike karatasi ipi? Neno moja linatosha.

Dada yako,
Marsiana


Kambi ya Lugufu
3 Oktoba 1999

Yaya Marsiana,

Milele amina, na shikamoo. Hiyo shikamoo nimefundishwa hapa, ila dada kwangu bado ni Yaya, kama kule kwetu. Kule tungepeana mkono na kuulizana habari mpaka chai ipoe. Barua yako imenikuta mzima. Turubai la nyumba yangu limetoboka upande mmoja na kuna njiwa wawili wanaoingia na kutoka kama wapangaji. Siwafukuzi. Mwambie Edina mjomba wake amefurahi sana kwa Komunyo.

Nina ombi. Kanisa letu hapa ni la miti na udongo, na halina hata picha moja. Katekista, Bwana Nikodemu, alisikia kwamba Baraka nilikuwa nachora mabango ya maduka na saluni, akaja kunitaka nichore vituo vyote kumi na vinne vya Njia ya Msalaba, viwe tayari kwa Kwaresima. Nilimwambia mkono wangu umekufa. Simaanishi uvivu. Tangu nivuke ziwa, nikishika kalamu unatetemeka, na hata barua hii naiandika mistari mitatu napumzika. Akasema, "Basi chora hivyo hivyo unavyotetemeka." Ni mkaidi, na hana haya.

Magunia ya unga yapo, nimeyafumua na kuyaunganisha. Rangi ndiyo hakuna. Nikakumbuka Mama alivyokuwa akipaka nyumba kila inapokaribia Noeli, udongo mweupe na mwekundu, kwa vidole vitatu, ameuchanganya na uji wa muhogo ili ushike ukutani. Wewe ulikuwa unamshikia ndoo. Udongo wa hapa ni wa kijivu mtupu. Waweza kunipatia mweupe wa ufukweni na mwekundu wa milimani? Kidogo tu. Mweusi nitakwangua chini ya sufuria.

Atakayenibebea barua anataka kuondoka. Salamu kwa shemeji.

Ignas


Rusimbi
24 Oktoba 1999

Mdogo wangu Ignas,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku hatujambo. Herman alipata mafua, akaumwa kwa niaba ya mtaa mzima, sasa amepona.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta neno moja nililokuomba. Nimekuta njiwa.

Hata hivyo udongo huu hapa, mifuko miwili. Mweupe nimeuchimba Ilagala, karibu na pale mto unapoingia ziwani. Mvuvi mmoja mzee aliniamkia, "Mwakeye," kisha akaniuliza nachimba nini. Nikamwambia nachimba udongo wa kumchorea Yesu. Akamwita mwenzake aje asikie na yeye. Walishauriana kwa Kiha, nadhani walikuwa wanaamua kama niko sawa, halafu yule mzee akachukua jembe akanichimbia wa chini zaidi, usio na mchanga. Mwekundu nimeufuata Kalinzi, nikipanda lori la kahawa. Mwenye shamba, mama mmoja mkimya, hakuniuliza chochote. Alinijazia mfuko wa Rambo, akaongeza na ndizi.

Nilipoufungua nyumbani ili ukauke, ile harufu ya udongo mbichi ikanirudisha kwenye ndoo ya Mama. Nikakaa chini hapo hapo sebuleni. Edina akadhani goti.

Mama Dorotea alipita jana. Nimemwandika Mama karatasi ya kwanza tena, kati ya mgonjwa wa presha na dereva aliyekwenda Mpanda. Nakuambia wazi, Ignas, naumia. Siwezi kumlilia mama yangu na siwezi kumngoja. Nijibu.

Marsiana


Lugufu
28 Novemba 1999

Yaya,

Shikamoo. Mvua zimeanza na njia zote ni tope. Njiwa wametaga.

Udongo ulifika mkavu na salama. Siku ya kwanza sikuchora, niliukanda tu. Nikachuja kwa kitambaa, nikaweka uji wa muhogo, nikakanda tena. Nilipokuja kutazama mikono, ilikuwa imetulia. Nikaogopa kuigusa kalamu, nikachora kwa vidole, na sehemu nyembamba nikatumia kijiti cha mswaki nilichokitafuna ncha. Kituo cha kwanza kilinichukua wiki. Cha pili siku mbili.

Mweupe wa Ilagala ukikauka unang'aa kidogo, una vipande vidogo vya makombe ndani yake. Nimeuweka kwenye nguo ya Bwana Yesu tu, si kwingine. Mwekundu wa Kalinzi ni wa njia na wa msalaba. Manjano nimeipata kwenye ganda la mti mmoja nyuma ya kisima. Sikujua kwamba porini huku kuna rangi. Mwaka mzima nimepita hapo nikitazama miguu yangu.

Kituo cha sita, yule mwanamke anayempangusa Yesu uso, nimempa sura ya muuza dagaa mmoja wa Baraka ambaye hakuwahi kumkopesha mtu. Wanawake waliomjua walipomwona walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha mmoja akaacha kucheka akakaa mbele ya picha ile hadi alasiri. Jirani yangu, bibi kizee aitwaye Ritha, ameomba udongo uliobaki kwenye sufuria akapaka mlango wake. Sasa nyumba sita za mstari wetu zimepakwa.

Sala za maneno zilinishinda tangu nifike. Nikikanda udongo naona kama nasali, ingawa Nikodemu anasema nimwachie yeye kuamua sala ni nini.

Swali lako nimelisoma. Naomba univumilie.

Ignas


Rusimbi
9 Januari 2000

Ignas,

Heri ya mwaka mpya, na huo ndio mwisho wa heri.

Gervasi, yule anayepima unga siku za mgao huko kambini kwenu, alikuja Kigoma kula Noeli kwa wakwe zake. Akakutana na Herman. Katika mazungumzo akamwambia, "Shemeji yako yule mchoraji namjua, kwenye kadi yake ya chakula wako wawili, yeye na mama yake. Eufrasia."

Herman alinieleza nikiwa jikoni. Nilipiga kelele hadi majirani wakaja mbio wakidhani ni msiba. Nikacheza, Ignas. Mimi na goti langu nilicheza mbele ya jirani yetu Bi. Mwajuma na mbele ya watoto. Nilikimbia kwa Mama Dorotea kumwambia kwamba karatasi ya kwanza ilikuwa sahihi miaka yote miwili.

Halafu nilipotulia nikakasirika, na bado nimekasirika. Mama yuko saa chache tu kwa treni, na wewe unaniandikia habari za ganda la mti! Kama ni mgonjwa, sema. Kama hataki kuniona kwa sababu niliolewa mbali, sema hilo pia, nitalibeba. Lakini kunificha?

Namtumia kitenge, ni cha njano chenye ndege wa buluu, rangi anazozipenda. Kuna kandambili na chupa ya mawese. Na kipande hiki msomee yeye mwenyewe, usiruke neno:

Mama, shikamoo. Ni mimi Marsiana. Mjukuu wako Edina anafanana nawe kwa ubishi. Nimekuwa nikikusomea rozari kila Jumamosi sijui kama unapumua. Nikipata kibali nitakuja. Usiondoke tena mpaka nifike.

Marsiana


Rusimbi
20 Februari 2000

Ignas,

Selestini anasema kifurushi alikupa mkononi, na kwamba ulikipokea ukakaa nacho mapajani hadi treni ikaondoka. Hukutuma hata salamu.

Wiki sita sasa. Nina hofu.

Marsiana


Lugufu
12 Machi 2000
Dominika ya kwanza ya Kwaresima

Yaya Marsiana,

Shikamoo. Nakuomba uketi kabla hujaendelea, na Herman awe karibu.

Kile kipande sikuwa na wa kumsomea. Nilikisoma peke yangu kwa sauti, bila kuruka neno, kwa kuwa uliniagiza.

Tulipanda boti Baraka asubuhi. Tulikuwa watu themanini kwenye boti ya watu thelathini. Mama alikuwa na homa tangu tulipokuwa tumejificha porini. Tulilala ziwani. Siku ya pili, jua limeshachomoza, alisema anasikia baridi, nikampakata. Akaniuliza kama Kigoma inaonekana. Nikamwambia inaonekana. Haikuwa inaonekana. Hakusema tena kitu.

Nilikaa nimempakata mpaka mchana bila kumwambia mtu. Mama mmoja aligundua, watu wakaanza kupiga kelele, wakasema tukifika na maiti tutazuiliwa wote ziwani kwa hofu ya kipindupindu. Wanaume wawili wakaja kumchukua. Nikawaambia ninyi mtamtupa, acheni nimteremshe mwenyewe. Nilimfunga kwa kitenge chake. Nilianza Baba Yetu nikaisahau katikati, nikaanza upya, nikaisahau tena. Nikamteremsha kwa mikono hii.

Kisha milima ya Kigoma ikatokea. Ilikuwa kama saa moja baadaye, Yaya, haikuzidi. Ningewang'ang'ania saa moja tu, ungemzika. Hilo ndilo lililonifanya nitazame chini uliponiuliza bandarini. Sikuwa nakuficha Mama. Nilikuwa naificha ile saa.

Karani wa kuandikisha wakimbizi aliniuliza, "Mko wangapi?" Mdomo wangu ukajibu, "Wawili." Nikamtaja, akaandika. Siku iliyofuata nilitaka kwenda kufuta nikaona nitakuwa namteremsha mara ya pili. Unga wake sikuula, nilimpa Bibi Ritha kila mgao. Jumatatu iliyopita nimekwenda nikaeleza. Karani akauliza alifariki lini. Nikamwambia Agosti mwaka tisini na nane. Akapiga mstari juu ya jina. Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze.

Kadi ndiyo iliyokudanganya, na kadi niliiandikisha mimi. Nilikufanya ucheze. Nisamehe.

Vituo kumi na viwili vilikuwa tayari tangu Januari. Cha kumi na tatu kilinishinda. Ni pale Yesu anaposhushwa msalabani na Mama yake anampakata. Kila nikianza mkono unarudia kutetemeka. Kifurushi chako kilipokuja nilikaa nacho siku nyingi, kisha nikakichora kile kituo kwa siku moja. Nikodemu alipokiona alisema, "Umekosea, bwana. Ni Mama anayempakata Mwana, si Mwana anayempakata Mama." Nikamwambia najua. Akamwita Padre. Padre alisimama mbele yake, akaniuliza huyu mwanamke ni nani. Nikamwambia ni mama yangu, yuko ziwani. Akasema kikae hadi Ijumaa Kuu, baada ya Pasaka nichore kingine kilicho sahihi.

Ukitaka kukiona, njoo siku hiyo. Usipokuja nitaelewa.

Ignas


Rusimbi
30 Aprili 2000

Ignas,

Leo sianzi na salamu. Nina sababu, utaiona ukifika mwisho.

Nilikuja, na ulinipikia maharage, na tulikaa saa tatu pale kwako tukiongea habari za mvua, za goti langu na za makinda ya njiwa. Treni ikaja nikapanda. Niliyotaka kukuambia yote nilirudi nayo Rusimbi bila kuyagusa. Kwa hiyo naandika.

Tulipokuwa tunafuata Njia ya Msalaba nilikuwa nyuma, sikuwa naona vizuri kwa ajili ya vichwa vya watu. Tulipofika cha kumi na tatu, kitu cha kwanza nilichokiona ni ndege wa buluu. Nikajiuliza kitenge changu kinafanya nini ukutani. Kumbe ulikikata ukamshonea juu ya gunia, awe amevaa. Ndipo nikaona uso. Umempatia, mdogo wangu. Hata lile kovu la kwenye nyusi umelikumbuka. Nguo ya Mwana inang'aa kwa udongo wa Ilagala, lakini mikono ni yako.

Wanasema nilianguka, na kwamba wewe ndiye uliyeniletea maji. Nataka ujue nini kilichoniangusha. Mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikimwona Mama akifa peke yake, mara porini, mara barabarani, mara chini ya miguu ya watu. Kila Jumamosi kwenye rozari nilimwona hivyo. Kwenye picha yako hana hofu. Sikujua kwamba alipakatwa. Ulipoandika nilisoma, ila sikuwa nimejua.

Kuhusu ile saa moja. Ningependa Mama awe na kaburi, nikapande maua. Sitakudanganya, nalilia hilo na nitaendelea kulilia. Lakini saa ile si yako. Ni ya watu themanini waliokuwa na woga, na wewe ulikuwa mmoja tu tena umefiwa. Usiishike tena. Na kile ulichomwambia, kwamba Kigoma inaonekana, mimi ningemwambia hivyo hivyo.

Jumatatu ya Pasaka nilikwenda kwa Mama Dorotea nikamwambia alete karatasi. Akashangaa, "Marsiana, Novemba bado iko mbali." Nikamwambia lete, nimeshachelewa vya kutosha. Akatoa karatasi ya pili, mpya, haina jina hata moja. Nimemwandika Mama juu kabisa. Mkono ulitetemeka, sasa najua unavyojisikia, lakini herufi zinasomeka.

Tukaweka matanga siku tatu. Bi. Mwajuma alileta chai na mikeka, Herman alipika yeye mwenyewe, wali ukaungua, tukaula. Nilipoanua matanga nilichukua udongo uliobaki kwenye mifuko, nikakoroga na uji wa muhogo, nikapaka ukuta wa mbele kwa vidole vitatu, mweupe na mwekundu. Ni nyumba ya matofali ya saruji, Ignas, ya watu wa reli. Inaonekana kichekesho. Edina alinishikia ndoo.

Nikodemu amemtuma Selestini na picha ile imekunjwa, kwa kuwa umeshamaliza iliyo sahihi. Nimeitundika sebuleni. Herman anasema inaziba kalenda. Nimemwambia ahamishe kalenda.

Sasa la mwisho. Goti langu lingeweza kupanda treni muda wote huo, hata kabla ya Pasaka. Sikuja kwa sababu ya aibu. Siku ile bandarini ulishuka kwenye boti na mkeka wa Mama begani, midomo imepasuka kwa jua. Nikakuuliza, "Mama yuko wapi?" Ukatazama chini. Nikageuka nikaenda zangu, nikakuacha umesimama katikati ya wageni. Sikukuuliza kama umekula. Sikukupa hata lile neno ambalo mtu nisiyemjua kabisa angelipata kwangu akifika kutoka mbali. Niliona kama hakuna aliyefika, kumbe mmoja alikuwa amefika.

Basi nakupa leo, ndiyo salamu niliyokuwekea mwisho.

Karibu, mdogo wangu. Pole na safari.

Dada yako,
Marsiana